Feza hairudi, kompte inarudi: namna ya kujikinga na wadanganyifu wa michezo ya simu

Ni saa mbili ya usiku. Mu grupe moja ya WhatsApp ya vijana wenye wanacheza Free Fire, tangazo linaingia: «Niko na kompte nivo 68, skini mingi, bunduki zote ziko ndani. Dola 25 tu. Mwenye anataka akuye inbox, leo leo inakwisha.» Kijana mumoja wa Uvira, mwenye miaka 16, anaangalia zile picha na moyo unaanza kupiga. Yeye hana dola 25. Lakini simu ya mama yake iko ku meza, na mu ile simu kuko makuta ya masomo ya dada yake. Kode ya siri anaijua, juu yeye njo anasaidiaka mama kila mara ya kutuma feza.

Anaandika: «Mukubwa, nipatie kompte kwanza, kisha nilipe.» Jibu linakuja mbio: «Mudogo, watu wameniibia sana. Tuma kwanza, niko pale.» Anatuma. Na kweli, neno la siri linakuja. Anaingia mu kompte, anacheza mpaka karibu asubui. Siku ya tatu anajaribu kuingia tena: simu inamuambia kama neno la siri si lile. Anapiga ile namba, imezimwa. Ku WhatsApp, amekwisha kublokwa. Anaogopa kusema. Anakaa kimya siku ine, mpaka siku mama anaenda kulipa masomo na anakuta feza haiko.

Kisa cha namna hii kinaweza kutokea Uvira, sawa vile kinaweza kutokea Bukavu, Goma, Butembo, Bunia ao Kalemie. Bei inabadilika, jina la muchezo linabadilika, lakini njia inabaki ileile. Kwa kuielewa, inafaa kujua kwanza ni nini hasa inauzishwa mu zile grupe.

Ni nini inauzishwa?

Michezo yenye inapendwa sana ni kama vile Free Fire, PUBG Mobile na eFootball. Free Fire ni ya kampuni Garena ya Singapore, na ilitoka mwaka wa 2017. PUBG Mobile ilitoka mwaka wa 2018. eFootball ni ya kampuni Konami ya Japani, na mwaka wa 2021 njo ilichukua nafasi ya PES, yenye wengi walizoea kuchezea ku salle za PlayStation. Kucheza ku simu ni bure. Kampuni zinapata faida kwa kuuzisha makuta ya ndani ya muchezo: diama ku Free Fire, UC ku PUBG Mobile, koini ku eFootball. Na ile makuta, muchezaji anavalisha mutu wake, anapamba bunduki, ao anajaribu kupata wachezaji wa mupira wenye nguvu.

Bei ya kampuni inajulikana. Mu duka la muchezo wenyewe, diama 100 za Free Fire zinakuwa karibu dola 1. UC 60 za PUBG Mobile, vilevile karibu dola 1. Hizi hesabu mbili zinafaa kukaa mu kichwa, juu zitasaidia mbele.

Shida ni kulipa. Duka la muchezo mara mingi linaomba karte ya banki ao karte ya zawadi ya Google, na watu wengi hawana. Wako paka na feza ya simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Goma na Bukavu, tangu banki zilifunga mu mwanzo wa mwaka wa 2025, simu njo ilibakia mufuko wa familia mingi. Pale njo kunatokea watu wa katikati. Kijana mwenye iko na karte anapokea makuta yako kwa simu, anakuwekea diama, anabakia na faida kidogo. Wengi wao ni watu wa kweli, na kazi yao inasaidia. Lakini mudanganyifu anavaa nguo zilezile, anasema maneno yaleyale, na ku kioo cha simu hakuna namna ya kuwatofautisha kwa kuangalia tu.

Vitu vyenye vinauzishwa viko vya namna mbili. Ya kwanza ni diama, UC ao koini zenye zinawekwa ku kompte yako mwenyewe. Ya pili ni kompte muzima ya mutu mwingine, na nivo yake na skini zake. Hatari ya hizi mbili hailingane.

Juu ya nini feza hairudi na kompte inarudi

Feza ya simu inafanana na makuta ya mukono. Inafika kwa sekunde chache, na hakuna mutu wa katikati mwenye anaishikilia mpaka muzigo ufike. Mwenye aliipokea anaenda ku ajenti wa karibu, anaitosha, inakwisha. Na juu wewe mwenyewe njo uliweka kode yako na kukubali, kampuni ya simu haiwezi kunyanganya tu ule mwenye alipokea kwa sababu umelalamika. Kwake, ni feza yenye ulituma kwa kupenda.

Kompte ya muchezo iko kinyume kabisa. Ni kama nyumba yenye milango miwili. Neno la siri ni ufunguo wa mulango wa mbele. Ufunguo wa mulango wa nyuma ni Facebook, Google, email ao namba ya simu yenye ilifungua ile kompte siku ya kwanza. Kompte ya Free Fire, kwa mufano, inafungwa ku Facebook, Google, Apple, X ao VK. Mwenye alikuuzishia akibakia na ufunguo wa nyuma, anabonyeza tu «nimesahau neno la siri», kode inakuja kwake, anaingia, anabadilisha kila kitu na wewe unabakia inje. Kesho yake anaweka tangazo lilelile mu grupe ingine. Kompte moja inaweza kuuzishwa kwa watu watatu, wane, watano, na kila mara inarudi kwa mwenyewe.

Wamoja wanasema: «Mimi nikinunua, nabadilisha neno la siri palepale.» Haitoshi. Hata ukibadilisha email, mwenyewe wa kwanza bado anajua mambo ya zamani ya ile kompte: siku ilifunguliwa, simu yenye ilitumiwa, mara ya kwanza alinunua diama na risiti yake. Anaweza kuandikia kampuni na kusema aliibiwa. Na kweli, ku macho ya kampuni, yeye njo mwenyewe.

Kuko tena jambo lenye wengi hawajue: kampuni za hii michezo zinakataza kuuzisha kompte. Ku sheria zao, kompte ni mali yao, muchezaji anapewa paka ruhusa ya kuitumia. Kwa hiyo mutu mwenye alidanganywa akienda kulalamika kwao, anakuwa kama anasema: «Nilivunja sheria yenu, munisaidie.» Hawamurudishie feza, na wanaweza hata kufunga ile kompte.

Ukiweka haya mambo pamoja, unaelewa namna biashara yenyewe iko. Ku soko, mama anakupimia maharagwe, unaona kipimo kimejaa, unanyoosha makuta, mikono miwili inakutana. Mu mutandao mikono haikutane. Lazima mumoja aanze. Na ule mwenye anaanza njo anabeba hatari yote. Karibu kila udanganyifu wenye unafuata ni namna moja tu ya kukufanya uanze wewe.

Njia sita zenye wanatumia

Ya kwanza ni «tuma kwanza». Iko ya zamani lakini inafanya kazi kila siku. Mudanganyifu mwerevu haanze na bei kubwa. Anakuuzishia diama za dola 1, zinafika. Kesho za dola 2, zinafika. Juma lenye linafuata anakuambia kuko promosio, dola 20 kwa diama mingi sana, ni leo tu. Ile dola 3 ya mbele ilikuwa chambo. Hapa njo ile bei ya kampuni inasaidia: diama zaidi ya 1000 mu duka la muchezo zinakuwa karibu dola 10. Mutu mwenye anaziuzisha dola 3, yeye anazinunua wapi? Kama hana jibu la kueleweka, jibu ni wewe.

Ya pili inawapata wenye wanauzisha. Munuaji anakutumia mesaji yenye inaonekana kama ya M-Pesa ao Airtel Money: «Umepokea dola 30…», na kiasi, na saa, na namba ndefu ya operesheni. Unafurahi, unatoa neno la siri la kompte. Kumbe ile mesaji ilitoka ku namba ya mutu wa kawaida, mwenye aliiandika na vidole vyake. Wengine wanatuma kapture, ni kusema picha ya kioo cha simu, yenye walitengeneza ku programu ya kubadilisha picha. Kapture haina uzito wowote. Kitu kimoja tu kinasema kweli: solde yako, yenye umeangalia wewe mwenyewe ku simu yako.

Ndani ya hii njia kuko kipande kingine: «Yaya, nimekosea, nimekutumia 50 pahali pa 30. Nirudishie 20 tafazali, ni ya dawa ya mutoto.» Kama solde haikupanda, hakuna feza yenye ilikuja, na 20 yenye utarudisha ni yako. Kama kweli ilipanda, usirudishe wewe mwenyewe. Muambie apigie kampuni yake ya simu, na wewe upigie yako. Mwenye amekosea kweli atakubali.

Ya tatu inapita ku kode ya siri. Ku simu yako kunatokea maneno yenye yanaomba uweke kode, na mutu anakuambia ku telefone: «Weka kode yako ili upokee feza.» Hapa inafaa kusimama. Kupokea feza hakuombe kode hata siku moja. Kode inaombwa tu wakati feza inatoka. Ukiweka, umelipa. Vilevile kwa ile kode ya hesabu sita yenye WhatsApp inatuma kwa mesaji: mwenye anakuomba umusomee anataka kuingia mu WhatsApp yako, kisha aombe makuta kwa wandugu zako kwa jina lako.

Ya ine ni mudamini wa uongo. Mu grupe za kweli, watu wawili wenye hawajuane wanamuomba adminí ao muchezaji wa zamani ashike feza, mpaka kompte ao diama zifike. Ni mupango muzuri. Lakini mudanganyifu anachukua picha na jina la ule mudamini, anaviweka ku namba ingine, kisha anakuandikia inbox: «Ni mimi admini, mutume kwangu.» Picha na jina kila mutu anaweza kuweka. Namba haibadilike. Inafaa ufungue grupe wewe mwenyewe, uangalie namba ya admini pale, na umupigie kwa sauti. Na kumbuka kama namba za Congo zinaanza na +243. Muuzishaji mwenye anasema iko ku Himbi ao ku Kadutu, na namba yake inaanza na +250, +256 ao +257, anaweza kuwa mutu wa kweli, juu ku mipaka wengi wako na simu za inchi mbili. Lakini feza yenye imevuka mupaka inakuwa nguvu sana kuifuata.

Ya tano ni «diama za bure». Kunakuja lien, ni kusema anwani ya kubonyeza, yenye inaahidi diama 5000 kama ukiandika ID yako na kuingia na Facebook. Ukurasa wenye unafunguka unafanana kabisa na ule wa Facebook, lakini si Facebook. Neno la siri lenye unaandika linaenda kwa mwizi. Hakuna mashine yenye inatengeneza diama. Hesabu ya diama inalindwa ku ordinatere za kampuni, si ku simu yako. Garena inatoaka kweli kode za zawadi, lakini unaziandika ku ukurasa wenye anwani yake inaishia na garena.com. Kama kisha garena.com kuko maneno mengine na nukta ingine, ni pahali pengine.

Ya sita inachelewa kuonekana. Diama ao UC zinafika kweli, bei ilikuwa nzuri, unacheza. Kumbe muuzishaji alizilipa na karte ya banki ya kuibwa, ao kisha kuzilipa aliomba Google irudishe feza. Wakati kampuni inagundua, inaondoa ile yenye ilikupatia na inaweza kufunga kompte yako. Muuzishaji amekwisha kukula. Wewe njo unabakia na deni ao na kompte yenye imefungwa.

Namna ya kununua bila kulia kisha

Shauri la kwanza ni lepesi kusema na gumu kufuata: kutonunua kompte ya mutu. Hata kama muuzishaji iko muaminifu leo, ufunguo wa nyuma unabakia kwake, na kesho anaweza kukosa makuta ya kukula. Kama unapenda kabisa skini, ni vizuri kuweka diama kidogo kidogo ku kompte yako mwenyewe, yenye hakuna mutu anaweza kusema ni yake.

Kwa kuweka diama, muuzishaji anahitaji kitu kimoja tu: ID yako ya muchezaji, ile namba yenye kila mutu anaweza kuona ku profili yako. Hahitaji neno la siri. Hahitaji Facebook yako. Hahitaji kode yenye imeingia ku mesaji. Mwenye anasema «nipe neno la siri nikuingizie diama» mazungumuzo na yeye inafaa kuisha palepale.

Pahali pazuri pa kununua ni kwa mutu mwenye unaweza kugusa: kijana wa avenue yenu, mwenye kibanda chake kinajulikana, mwenye kesho asubui utamukuta palepale. Unaenda na simu yako, anaingiza ID, jina lako la muchezo linatokea ku kioo chake, unalisoma kama ni lako, anatuma, unaangalia diama zimepanda, kisha unalipa. Mikono inakutana kama ku soko. Inaweza kukuomba kulipa franga kidogo zaidi kuliko ile bei ya grupe. Ile franga kidogo njo bei ya kulala muzuri.

Kama lazima ununue kwa mutu wa mbali, kuko mambo yenye yanapunguza hatari, hata kama hayaiondoe:

Anza na kiasi chenye ukikipoteza hautashinda na njaa, na usikipandishe juu eti mara ya kwanza ilienda vizuri.

Mupigie kwa sauti, ao kwa video. Mwenye kila siku «mikro yake imekufa» anaficha kitu.

Uliza watu watatu wa grupe wenye unajua kwa uso, si wale wenye muuzishaji mwenyewe anakuonyesha. Wale wenye wanaandika «iko seriye, nimenunua kwake» wanaweza kuwa yeye mwenyewe ku namba ine.

Soma jina lenye linatokea wakati wa kutuma. Kama anajiita Patrick na feza inaenda kwa jina la mama fulani, uliza juu ya nini mbele ya kuweka kode. Jina peke yake halitoshe, juu sim kadi zingine zimeandikishwa kwa majina ya watu wengine, lakini jina lenye halilingane ni alama.

Usikubali kusukumwa. «Kuko mwingine anangoja», «promosio inakwisha kisha dakika kumi»: haya maneno yanatafuta kukuzuia kufikiri. Muuzishaji wa kweli ataziuzisha kesho pia.

Kwa vijana wenye wanauzisha

Mwenye anafanya hii kazi kwa uaminifu anapoteza pia, juu kila mudanganyifu anamuharibia jina. Mambo machache yanamulinda. Kuangalia solde mbele ya kutuma kitu chochote, hata kwa munuaji wa zamani. Kukataa kuweka mu simu maneno ya siri ya wateja, juu siku moja wakiibiwa, yeye njo ataulizwa wa kwanza. Kuandika mu daftari tarehe, ID, kiasi na namba ya operesheni. Na kununua diama ku duka la muchezo lenyewe, na karte yenye anajua ni ya nani, pahali pa kuzinunua kwa mutu wa Telegram mwenye bei yake haieleweke.

Kwa kompte yake mwenyewe, kila muchezaji anaweza kuongeza ku Facebook na ku Google ile ulinzi wa hatua mbili: kisha neno la siri, inaomba pia kode yenye inakuja ku simu. Ni kazi ya dakika tano. Mwizi akipata neno la siri, anakuta mulango wa pili umefungwa.

Kama feza imekwisha kwenda

Hapa dakika njo zinahesabiwa. Jambo la kwanza ni kupigia kampuni ya simu palepale, ao kwenda ku ofisi yao kama iko karibu, na namba ya operesheni yenye iko mu mesaji ya kutuma. Kama mwenye alipokea hajaitosha bado, kuko nafasi ya kampuni kuishikilia wakati inachunguza. Kama ameitosha, nafasi inakuwa ndogo sana. Watu wengi wanapotezaka ile saa ya kwanza kwa kumuandikia mwizi na kumubembeleza. Mwizi anajibu vizuri, anasema «ngoja kidogo, rezo iko mubaya», na wakati ule iko ku ajenti.

Jambo la pili ni kutofuta kitu. Mazungumuzo yote, sauti, namba, mesaji ya malipo, tangazo la grupe: inafaa kuvipiga kapture na kuvituma ku simu ingine. Vitasaidia kama kesi inafika kwa OPJ ao ku parquet, pale zile ofisi zinafanya kazi. Sheria iko. Kitabu cha sheria ya azabu cha Congo, ku artikle 98, kinaazibu mutu mwenye anapata mali ya mwingine kwa jina la uongo ao kwa hila: kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5, na faini. Tena, tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023, inchi iko na sheria ya mambo ya numerike, yenye inagusa pia makosa yenye yanafanywa kwa njia ya mutandao. Kudanganya mutoto wa watu dola 25 ya diama ni kosa mbele ya sheria, hata kama watu wanaichukua kama muchezo.

Jambo la tatu ni kuambia grupe, na namba na kapture, ili mwingine asianguke. Na jambo la ine ni kuwa macho, juu kisha kulalamika, mara mingi kunatokea mutu inbox: «Mimi ni haka, naweza kurudisha feza yako, nipe tu dola 5 ya kazi.» Ule ni mudanganyifu wa pili, mara zingine ni wa kwanza na namba ingine. Hakuna haka mwenye anatosha makuta mu M-Pesa ya mutu kwa dola 5.

Kwa wazazi

Mama na papa wengi wanasikia «diama» na wanafikiri ni upuzi wa watoto. Lakini simu yenye mutoto anachezea njo simu yenye familia inawekea makuta ya kukula, ya nyumba na ya masomo. Kwa hiyo kode ya siri si kitu cha kumutuma mutoto nayo, hata kama iko muaminifu na anajua simu kuliko wewe. Kama anakusaidia, abonyeze yeye mpaka mwisho, lakini kode uiweke wewe, na mukono ukifunika. Kama amekwisha kuijua, ibadilishe leo. Kama hujui namna ya kuibadilisha, ajenti wako mwenye unamujua anaweza kukuonyesha njia, bila wewe kumuambia kode yenyewe.

Kitu kingine kinapita kode. Mutoto mwenye alidanganywa mara mingi anajua palepale kama alikosa. Kile kinamufungia kinywa ni woga wa kupigwa. Na kila siku anakaa kimya, mwizi anapata siku ingine, na familia inapoteza siku ingine. Muzazi anaweza kusema mbele, wakati hakuna shida: «Ukidanganywa ku simu, uniambie siku ileile. Kwanza tutapiga telefone, mengine tutazungumuza kisha.» Ile neno moja inaweza kuokoa makuta kuliko azabu yenye inakuja juma mbili nyuma.

Ule kijana wa Uvira, hata kama angesema siku ya tatu, pengine feza ingekuwa imekwisha kutoshwa. Lakini mama yake angepata siku ine za kwenda kuona prefe wa masomo, ku likelemba, kwa mujomba ao kwa jirani, mbele dada yake hajarudishwa nyumbani. Zile siku ine hazikuibwa na mwizi wa WhatsApp. Zilipotelea mu nyumba, juu mutoto aliogopa kusema.